Mihogo ya Pembeni

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina. Jina lilikuwapo kwenye kitambulisho, na pengine mkewe alilitumia wakiwa wawili, lakini kwetu sisi alikuwa Bwana Shamba. Ndiyo iliyokuwa kazi yake: kuzunguka na pikipiki ya serikali Fukayosi, Mkange na vijiji vya katikati, akiwafundisha watu kupanda kwa mistari. Alipostaafu, pikipiki ilirudi ofisini, cheo akabaki nacho. Shamba lake likawa kile kipande cha nyuma ya nyumba, pale mji wa Bagamoyo unapokoma na pori linapoanza. Mkewe tulimwita Mama Shamba, mwanzo kwa utani, mwishowe kwa heshima.

Mimi ni fundi cherehani, na baraza ninaposhonea inatazama ua wao. Nitakayoyasema niliyaona nikiwa kazini. Anayetaka kusema nilikuwa nachungulia, aseme.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa simu inayoita kabla jua halijachomoza. Bwana Shamba alinicheka sana kwa hilo, maana yeye karibu hakuogopa kitu. Siku nyoka alipoingia kwenye rundo lao la makumbi ya nazi, alimpiga kwa mpini wa jembe, akamtupa ng'ambo ya ua, kisha akaendelea na maneno yake kuhusu mbolea ya mbuzi kutoka pale pale alipoyaachia. Mimi nilikuwa nimeshapanda juu ya meza. Kitu pekee nilichomwona akikikimbia ni jogoo wa mkewe, jogoo mwekundu mwenye roho mbaya aliyekuwa akimvizia nyuma ya pipa la maji.

"Nyoka ana sababu zake," alijitetea. "Yule jogoo hana sababu."

Alikuwa mtu wa amri. Ukienda kuomba kisamvu bila kusalimu, alikurudisha mikono mitupu. "Shikamoo kwanza, kisamvu baadaye," alisema, na wewe unaondoka umenuna. Jioni unakuta fungu la kisamvu limewekwa mlangoni pako, limefungwa vizuri kwa ukambaa wa mgomba, na yeye akiulizwa anasema hajui habari zake. Huko vijijini alikuwa akiwahimiza watu wauze mazao yao wasigawe ovyo, lakini bamia zake na kunde zake sijamwona akiziuza hata siku moja. Na mwanamume huyo aliyempa amri mpaka imamu juu ya kumwagilia miti ya msikitini ndiye aliyekuwa akiosha vyombo vya nyumba yake kila mchana, amejibanza nyuma ya jiko wanaume wenzake wasimwone. Mama Shamba ana mgongo mbovu, kuinama hawezi. Nilimwona, naye alijua nimemwona, na hatukuwahi kulizungumza.

Wenyewe kwa wenyewe waligombana kila siku, kwa sauti ndogo, kama watu wanaosoma dua. Waligombana juu ya chumvi, juu ya redio, juu ya nani aliyeacha chandarua wazi. Wakimaliza, mmoja anamuuliza mwenzake kama atakunywa chai. Nilizoea kushona nikiwasikiliza, na siku ambayo sikuwasikia niliinua kichwa kuangalia kuna nini.

Lakini nataka kuzungumza juu ya mihogo, kwa sababu ndiyo iliyotutia hofu ambayo haijatutoka mpaka leo.

Mihogo ni ya namna mbili, na mtoto wa pwani hujua hivyo kabla hajajua kusoma. Mitamu unaweza kuitafuna mbichi, kuichoma, kuichemsha, kuipika na nazi. Michungu ina sumu. Hiyo inamenywa, inalowekwa, inaanikwa mpaka iwe makopa makavu, ndipo inapotwangwa ikawa unga. Ukiichukua tu ukaichemsha na kuila, inalevya: kichwa kinazunguka, tumbo linakataa, miguu inakufa ganzi. Ikizidi, inaua.

Bwana Shamba alipanda namna zote mbili, na kwa akili. Mitamu aliiweka katikati, na michungu aliizungusha pembeni kama ukuta. Nguruwe pori akitoka porini, alieleza, anaanza na ya pembeni, anaonja, hapendezwi, anakwenda zake kwa jirani.

"Jirani ni mimi," nilimkumbusha.

"Basi na wewe panda pembeni."

Alichagua kwa makusudi mbegu chungu iliyofanana na tamu, jani kwa jani, shina kwa shina, kusudi mwizi wa binadamu naye asijue achimbe wapi. Nilipomuuliza kama yeye mwenyewe hatachanganya, alinitazama kama nimemtukana. "Mhogo hauna jina, fundi," alisema. "Mhogo una mahali." Miaka yote hiyo mahali palikuwa kichwani mwake, na kichwa chake tulikiamini kuliko ramani.

Mama Shamba hakukiamini kikamilifu. Kila mhogo uliotoka kwenye jembe la mumewe, kabla haujaingia sufuriani, aliukata kipande kibichi, akakigusa kwa ulimi, akatema. Alifanya hivyo hata kwa mihogo aliyomwona akiichimba katikati kwa macho yake. "Nakupenda," alimwambia, "lakini na jembe lako sina undugu." Mzee alicheka, akaenda kunawa.

Mwezi wa Ramadhani tu ndio hakuonja. Mumewe alimweleza zaidi ya mara moja kwamba mpishi anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi bila kumeza, na kwamba mashehe wamelisema hilo. Yeye alijibu kwamba mashehe hawatamfungia yeye, na kama Mungu amemsaidia kufunga na mgongo ule, hataiharibu funga yake kwa kipande cha mhogo. Kwa hiyo mwezi mmoja katika mwaka alimwamini. Hapakuwa na ubaya, kwa sababu Bwana Shamba alikuwa Bwana Shamba.

Sijui alianza kusahau lini. Nadhani hata mkewe hajui. Nilimwona siku moja akifukia mbegu za kunde kwenye mashimo aliyoyafukia asubuhi yake, mstari mzima, kwa utulivu kabisa. Siku nyingine alitoka msikitini na ndala mbili za mguu mmoja, moja yake na moja ya mtu mwingine. Hayo humpata yeyote. Kisha akasimama mbele ya baraza langu, akanisalimia vizuri, akaniuliza mama yangu anaendeleaje. Mama yangu alifariki, na yeye ndiye aliyesimamia kaburi lake likichimbwa. Nilimjibu kwamba hajambo.

Nilipomgusia Mama Shamba, alinikata kauli. "Mzee amechoka tu. Jua kali." Lakini nilimwona uso. Alichokiogopa nilikijua: mtoto wao yupo Dar es Salaam, anakaa ghorofani, kijana mwema mwenye haraka, na alikuwa ameshasema kwamba akiona dalili yoyote ya kuchakaa atakuja kuwachukua. "Atamweka wapi?" Mama Shamba aliniuliza siku nyingine, bila mimi kumwanzishia. "Kule juu hakuna udongo. Mnyang'anye yule mtu jembe, uone kama atafika Idi." Kwa hiyo akaficha. Alimfuata nyuma kama kivuli, akamkumbusha maneno kabla hajayakosa, akacheka kabla watu hawajashangaa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi niliyajua maneno hayo, nikawa nayasikia kichwani kila nilipomwona Bwana Shamba akishuka bustanini na jembe begani.

Ramadhani ya mwaka jana mvua ilinyesha mapema na udongo wa pembeni, kwenye bonde dogo, ukawa laini. Baadaye tulipofikiria tuliona kwamba huenda ndiyo sababu. Mtu aliyefunga, mzee, jua la alasiri, anachimba pale jembe linapoingia bila taabu. Alileta kapu limejaa mihogo minono. Mama Shamba aliimenya, akaipika kwa nazi nzito na kipande cha papa mkavu, akatia pilipili na chumvi kama apendavyo, na kabla ya magharibi mabakuli yakapita mtaani kama kawaida yetu. Bakuli moja kwangu, moja kwa mwadhini wa msikiti wetu, jingine likabaki mezani kwao.

Nilifungua kwa tende na uji, nikala mihogo kidogo, maana samaki alinishinda kwa chumvi. Nilipomaliza kuswali na kusimama, chumba kilikwenda upande. Nikashika mlango. Nilidhani ni njaa ya kutwa. Kisha tumbo likanikamata, nikatapika uani, na nikiwa nimeinama pale nikagundua kwamba saa ya isha imefika na imepita, na adhana sijaisikia.

Hakuna kitu kilichowahi kunitisha kama ule ukimya. Mwadhini yule haumwi, hasafiri, hakosi. Nilijua alikula nini. Nilijua nani mwingine amekula. Nilikwenda nyumba ya pili nikijishika ukutani, nikamkuta Mama Shamba amelala sakafuni kando ya meza, macho wazi, midomo inatafuta maneno, na mzee amepiga magoti akimpepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Amezidiwa na funga," aliniambia. "Nimemwambia kila siku, ale daku la maana."

Yeye alikuwa mzima. Alipofungua kwa tende alikwenda msikitini, akaongea na watu huko kama kawaida yake, na chakula chake kilikuwa bado kimefunikwa. Nikakichukua kile chakula nikakimwaga. Majirani wakaita bajaji, wakatupakia, Mama Shamba ameegemezwa begani kwangu, na mwadhini tukamkuta ameshafikishwa hospitali na wanawe, amewekewa dripu, anaapa kwamba anaona mishumaa.

Daktari aliuliza tumekula nini. Kabla hatujajibu, Bwana Shamba akajibu yeye. Alisimama katikati ya vitanda, kofia yake imenyooka, akazungumza kwa ile sauti ya zamani ya mikutano ya vijiji. "Hawa wamekula mihogo michungu," alisema. "Dalili zote hizi nazijua. Ni kizunguzungu, ni kutapika, ni ganzi. Mihogo imechimbwa pembeni." Kisha akatugeukia sisi wagonjwa, amekasirika kweli. "Ni mjinga gani aliyechimba pembeni?"

Mwadhini alifumba macho. Mimi niliangalia dari, kwa sababu sasa lingesemwa mbele ya daktari, mbele ya majirani, na kesho yake mtoto wa Dar angekuwa ameshalisikia.

"Ni mimi," akasema Mama Shamba kitandani. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikwenda kuchimba mwenyewe. Sikutaka kukusumbua umefunga."

Mzee akamgombeza. Mbele ya watu wote, na yeye ana sindano mkononi, alimgombeza juu ya miaka yote aliyomfundisha, juu ya uzembe, juu ya roho za waja wa Mungu. "Ungeua mtaa mzima!" alisema, na sauti ikampasuka. Mama Shamba alisema ndiyo, ungekuwa msiba, nisamehe baba. Sijapata kuogopa na kuona huruma kwa wakati mmoja namna ile, na sitaki tena.

Hakufa mtu, alhamdulillah. Tulitoka sote.

Mtoto alikuja na gari, akakuta mama yake amekaa barazani anachambua mchele, anamwambia kwamba alikosea yeye, uzee, macho. Akaondoka hajaridhika. Mama Shamba akangoja Ijumaa mzee akiwa msikitini, akaleta kibarua, wakang'oa mihogo yote ya pembeni mpaka kwenye ua. Kibarua akakata mashina akayalundika na mashina mengine ya msimu, tamu na chungu pamoja, yakafanana kama mapacha. Mama Shamba alipanga kuyachoma kesho yake. Asubuhi, kabla hajaamka na mgongo wake, Bwana Shamba akalikuta lile rundo, akaona ni mbegu njema inaharibika, akakata pingili na kuzipanda. Alizipanda katikati, alizipanda pembeni, alizipanda mpaka njia ya chooni. Kwa mistari, imenyooka kabisa.

Mama Shamba alikuja kuniambia. Alikaa kwenye kigoda changu bila salamu, yeye ambaye hajawahi kukosa salamu. "Sasa hakuna ajuaye," alisema. "Hata yeye. Hata mimi."

"Ing'oe tena."

"Atapanda tena. Na siku moja mwanangu atasikia, atamchukua." Aliniangalia. "Nitaifanya yote michungu."

Ndivyo alivyofanya, na ndivyo anavyofanya hadi sasa. Mihogo ile ilipokomaa, kila anachochimba mumewe, awe amekichimba wapi, kinamenywa, kinalowekwa, kinaanikwa juu ya turubai, kinatwangwa. Haonji tena, maana hata ulimi wake hauamini. Nyumba ile haijapika mihogo ya nazi tangu siku ile. Bwana Shamba anachimba kwa furaha, jembe lake analo, na mkewe anahesabu kila mhogo kutoka shambani hadi kwenye maji kama mchunga mbuzi, asije mzee akampa mtoto wa mtu mhogo mmoja autafune njiani. Nami kila nikimsikia akiita mpita njia, "Njoo uchukue mhogo," naacha cherehani inazunguka yenyewe, natoka mbio.

Juzi nilimpelekea kanzu yake niliyokuwa nimeipunguza mikono. Nilimkuta amekaa kando ya turubai la makopa, anafukuza kuku. Mama Shamba alikuwa upande wa pili wa jiko, anatwanga.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, fundi. Kaa." Akaniacha nikae, akasogea karibu. Macho yake yalikuwa angavu, kama zamani. "Wewe ni mwoga, na mwoga hajui kuongopa vizuri. Nikuulize. Kwa nini mke wangu anaanika mihogo yote? Mpaka mitamu? Mtu mwenye akili hafanyi hivyo, na yule ana akili."

Nikasema sijui.

"Nakumbuka hospitali," alisema. "Nakumbuka watu wananitazama. Kuna mtu alichimba pembeni. Nani?"

Kinu kilikuwa kinalia. Asingetusikia.

"Ni wewe," nikasema.

Aliweka mikono yake katikati ya magoti, akaibana. "Nani alikufa?"

"Hakufa mtu."

"Usinifiche, mwanangu."

"Wallahi hakufa mtu. Mama alilazwa, akatoka. Mwadhini akatoka. Mimi huyu hapa."

Alishusha pumzi, lakini mikono hakuiachia. "Naogopa," akasema. Sijawahi kulisikia neno lile kinywani mwake. "Nikiamka asubuhi naiangalia mikono kama ina udongo, nijue jana nilifanya kazi au la. Nikiuliza tena, niambie. Usinionee huruma. Nisipojua nilichofanya, nitakirudia." Alinishika mkono. "Niahidi."

Nikamwahidi.

Kinu kikanyamaza. Mama Shamba akazunguka jiko na ungo wa unga mikononi, akauona uso wangu, akasimama. Mzee alikuwa anamfukuza kuku mmoja aliyeingia kwenye makopa. Alipogeuka, aliniona upya.

"Aa, fundi! Umekuja saa ngapi? Kanzu yangu imekwisha?" Akaipokea, akaigeuza, akaisifu mishono. Kisha macho yake yakarudi kwenye turubai, na kile kitu kikamrudia usoni. "Hivi, fundi. Ni nani yule aliyechimba pembeni?"

Nilimtazama mkewe nyuma ya bega lake. Alisimama tu ameshika ule ungo, unga unadondoka pembeni asijue.

"Ni mimi, Bwana Shamba," nikasema.

Alinyanyuka. Alinigombeza kama alivyomgombeza mkewe, juu ya uzembe, juu ya roho za watu, mpaka mate yakamkauka. Nilisimama mbele yake nimeinamisha kichwa. Hatimaye akachoka, akanitazama kwa muda, uso ukalainika.

"Haya, nimekusamehe," akasema. "Lakini jembe langu usilishike tena. Umesikia? Mtu asiyejua anachochimba hapewi jembe."

Mama Shamba aligeukia ukuta.

"Nimesikia," nikamwambia. "Sitalishika."